Adhabu ya Umbali: Kutoka Portsmouth hadi Stesheni ya Morogoro

Machi 1834, mjini Dorchester kusini mwa Uingereza, vibarua sita wa mashambani kutoka kijiji cha Tolpuddle walisimamishwa kizimbani. Ujira wao ulikuwa umepunguzwa mara kwa mara, nao wakaamua kuunda chama cha kujitetea na kula kiapo cha kutosalitiana. Kuunda chama hakukuwa kosa tena kisheria, basi wakabanwa kwa kile kiapo. Jaji akawahukumu miaka 7 ya kupelekwa Australia.

Januari 1963, miezi 13 baada ya Uhuru wa Tanganyika, Victor Mkello, rais wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi la TFL na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani, alipewa amri ya kuhamia Sumbawanga pamoja na mwenzake Sheha Amiri. Kutoka Dar es Salaam hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,000, na barabara za wakati ule kila msafiri wa zamani anazikumbuka. Kisa chao kilikuwa migomo katika mashamba ya mkonge, zao lililokuwa limetanda pia huku kwetu Tungi, Mazimbu, Kimamba na Kilosa. Hakuna jaji aliyewahukumu.

Vibarua wa Tolpuddle na viongozi wa wafanyakazi wa mkonge wametengana kwa miaka 129 na bahari mbili, lakini walipewa adhabu moja, na iliyofika Sumbawanga imetoka katika ukoo wa ile ya Dorchester. Historia yake ni ndefu, na sehemu yake kubwa isiyosimuliwa ilishuka katika stesheni ya reli ya Morogoro.

Tuanze na Waingereza wenyewe. Kwa zaidi ya karne moja walikuwa wakiwasafirisha wahalifu wao kwenda Amerika ya Kaskazini, watu wapatao 50,000 katika karne ya 18 peke yake. Makoloni yale yalipoasi na kujitangazia uhuru mwaka 1776, njia ikafungwa. Magereza yakafurika, wafungwa wakarundikwa katika meli chakavu zilizotia nanga mto Thames. Ndipo tarehe 13 Mei 1787 meli 11 ziling'oa nanga Portsmouth zikiwa na wafungwa zaidi ya 700, wanaume kwa wanawake, na baada ya miezi minane zikafika pwani ya mashariki ya Australia. Kazi hiyo iliendelea hadi tarehe 10 Januari 1868, meli ya mwisho, Hougoumont, ilipofika Fremantle. Kwa jumla watu wapatao 162,000 walisafirishwa huko. Wengi wao walikuwa wezi wa vitu vidogo: kitambaa, kondoo, nguo iliyoanikwa.

Nguvu ya adhabu hii ilikuwa katika umbali. Aliyehukumiwa miaka 7 hakuhesabu miaka tu, kwa maana alipomaliza kifungo serikali haikumlipia nauli ya kurudi. Mkewe aliyebaki Uingereza aliishi kama mjane ilhali mumewe yu hai. Huko alikokwenda alifanya kazi ya kujenga koloni: kupasua mawe, kukata barabara, kuchunga kondoo wa tajiri. Na waliolipa gharama kubwa kuliko wote ni wenyeji wa Australia, walionyang'anywa ardhi yao ili wageni hao wapate pa kuwekwa.

Pamoja na ukatili huo wote, mfungwa wa Kiingereza alikuwa na mambo matatu: shtaka, jaji, na idadi ya miaka. Kesi nyingi zilikwisha kwa dakika chache, hilo linajulikana, lakini karatasi ilikuwepo. Jina lake liliandikwa mahakamani, likaandikwa melini, likaandikwa tena alipotua. Adhabu hiyohiyo ilipoletwa Afrika Mashariki, mambo hayo matatu yaliachwa nyuma.

Pwani yetu iliwahi kuwaona wafungwa wa Ulaya mapema zaidi, lakini walikuwa wa Wareno. Vasco da Gama alipofika Mombasa Aprili 1498, hakuthubutu kushuka yeye mwenyewe. Alituma watu wawili waliohukumiwa kwao, waliochukuliwa melini kwa kazi za hatari kama hizo: wakiuawa, nahodha hapotezi kitu. Walizungushwa mjini, wakapokewa vizuri, wakarudi salama. Miaka miwili baadaye Pedro Álvares Cabral aliwaacha wawili wengine Malindi, Luís de Moura na João Machado, wapeleleze njia ya kwenda kwa mfalme Mkristo aliyesemekana kutawala bara. Machado aliishia India, akawa askari wa sultani wa Bijapur kabla ya kurejea kwa Wareno. Kwa hiyo miongoni mwa Wazungu wa kwanza kutembea katika mitaa ya Waswahili walikuwamo watu ambao nchi yao ilikuwa imekwisha kuwatupa.

Waingereza hawakuleta wahalifu wao huku. Walichukua watu wa huku wakawapeleka mbali.

Tarehe 9 Aprili 1899 majeshi yao yaliwakamata pamoja wafalme wawili waliokuwa wakipigana nao kaskazini ya Uganda ya leo: Mwanga wa Buganda na Kabalega wa Bunyoro. Kabalega alijeruhiwa vibaya siku hiyo, akapoteza mkono. Walipelekwa pwani, kisha Ushelisheli, visiwa vilivyo katikati ya Bahari ya Hindi. Huko walikuta au walikutwa na wafungwa wengine wa namna yao, akiwamo Prempeh, mfalme wa Ashanti kutoka Ghana ya leo. Wote wawili walibatizwa uhamishoni, Mwanga akaitwa Danieli na Kabalega akaitwa Yohana. Mwanga alifia kisiwani mwaka 1903. Kabalega alikaa zaidi ya miaka 20, na aliporuhusiwa kurudi mwaka 1923 alikuwa mzee. Hakufika Bunyoro. Alifia Jinja, akiwa njiani, watu wake wakaupokea mwili.

Zanzibar nako ilimtoa wa kwake. Sayyid Khalid bin Barghash alijitwalia kiti cha usultani Agosti 1896, meli za Kiingereza zikaipiga kwa mizinga kasri yake, na vita vikaisha ndani ya saa moja. Alikimbilia ubalozi mdogo wa Ujerumani, Wajerumani wakamvusha hadi Dar es Salaam, akaishi huko kwa miaka 20 hivi. Waingereza walipoiteka nchi hii katika Vita Kuu ya Kwanza, vita vilevile vilivyowaingiza mjini Morogoro Agosti 1916, walimtia mkononi, wakampeleka Ushelisheli na St. Helena, kisiwa alichofia Napoleon. Mwishowe waliridhia akae Mombasa. Alifariki huko mwaka 1927, kisiwa chake cha Unguja kikiwa umbali wa safari fupi ya jahazi.

Hao walikuwa wafalme na wana wa wafalme. Kwa watu wasio na taji haikuhitajika hata meli. Mekatilili wa Menza, mama wa Kigiriama aliyewahimiza watu wake wakatae kutoa vijana kwa kazi za Wazungu, alikamatwa mwaka 1913 na kupelekwa magharibi ya Kenya. Mapema mwaka 1914 alitoroka akarudi Giriama kwa miguu, mamia ya kilomita katika nchi asiyoijua na lugha asizozisema. Walimkamata tena. Harry Thuku alikamatwa Nairobi Machi 1922, watu waliokuja kumdai wakapigwa risasi, yeye akapelekwa Kismayu na baadaye Marsabit, hata alipoachiwa ilikuwa imepita miaka minane na zaidi. Mwaka 1934 ikatungwa sheria mahususi ya kuuhamisha ukoo mzima wa Talai wa Wakipsigis, wazee, wake na watoto, kupelekwa Gwassi kando ya Ziwa Victoria, mahali palipojulikana kwa mbung'o na malaria. Mtoto aliyezaliwa Gwassi alikuwa amekwisha kuadhibiwa kabla ya kuzaliwa.

Sasa turudi Tanganyika.

Mwaka 1921, kabla hata Umoja wa Mataifa wa wakati ule haujaidhinisha rasmi utawala wao hapa, Waingereza walitunga Sheria ya Kuhamisha Watu. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Gavana akiletewa ushahidi wa kiapo, naye akaridhika kwamba fulani anahatarisha amani, au anachochea uadui kati ya watu na serikali, aliweza kuamuru mtu huyo atolewe sehemu moja ya nchi akakae nyingine. Aliyehitaji kuridhika ni gavana, si mahakama. Mtuhumiwa hakuwa na haki ya kumhoji aliyemshtaki, wala mahali pa kukata rufaa. Mwaka huohuo ilitungwa pia sheria ya kuwaadhibu watu kwa pamoja, yaani kijiji kizima kulipia kosa la mtu mmoja. Zisomwe pamoja sheria hizo mbili, ndipo mtu ataona utawala ule uliwafikiriaje wananchi.

Kwa mtu wa Uluguru, lakini, sheria iliyomgusa zaidi ilikuja mwaka 1944. Dar es Salaam ilikuwa imejaa vijana waliokuja kutafuta maisha, na Waluguru walikuwa wengi miongoni mwao. Sababu si ngumu kuiona kwa anayezijua Matombo, Mgeta na Kinole: mashamba yako kwenye miteremko, yamegawanywa yakagawanywa tena, na kila kizazi kinapata kipande chembamba zaidi. Juu ya hapo miaka ya 1950 ukaja mpango wa kulazimisha matuta ya ngazi milimani, uliowachosha watu kwa kazi na faini hadi fujo za Matombo za Julai 1955, polisi walipompiga risasi mtu mmoja akafa na serikali ikauacha mpango wake. Reli ilikuwepo tangu 1907, Dar es Salaam ni kilomita 200 hivi, na mjini kulikuwa na bandari, ujenzi na soko la Kariakoo.

Sheria ya 1944 ilimpa mkuu wa wilaya uwezo wa kumwondoa mjini Mwafrika asiye na kazi ya kueleweka. Serikali iliwaita watu hao wahuni. Msako ulifanywa mitaani na katika nyumba za kupanga za Kariakoo na Ilala, na swali la kwanza la askari lilikuwa risiti ya kodi. Asiyekuwa nayo, au aliyekuwa nayo lakini hana mwajiri wa kumshuhudia, alijikuta kituoni na baadaye ndani ya behewa la daraja la tatu, amerudishwa kwao. Aliyekuwa akiuza maji, kahawa au karanga hakuhesabiwa kuwa na kazi, kwa sababu kazi katika macho ya serikali ilikuwa na mwajiri na mshahara wa mwezi. Mtu aliyejiajiri, ambaye leo kila mwanasiasa anamsifu jukwaani, alikuwa mhalifu wa kusafirishwa.

Haikufaulu. Maofisa wenyewe walilalamika kwamba watu waliowaondoa walionekana tena mjini upesi, na ingekuwaje vinginevyo? Walirudishwa kwenye milima ileile waliyoiacha kwa kukosa ardhi, na mjini waliacha vyumba, madeni na marafiki. Umbali wa Australia ulimshinda mwizi wa kitambaa. Umbali wa Morogoro haukumshinda kijana mwenye nauli ya basi au miguu yenye nguvu. Kwa hiyo msako ukarudiwa mwaka baada ya mwaka, bila kuwapa watu hao ardhi wala kazi.

Mkoa huu haukuwa njia tu ya kupitisha watu. Kingolwira, mashariki ya mji, Waingereza walifungua katika miaka ya 1930 gereza la shamba ambalo walijivunia kwa wageni, gereza lisilo na kuta. Wafungwa walilima, na wazo la msingi lilikuwa kumrekebisha mtu kwa kazi. Lilikuwa afadhali kuliko minyororo ya Wajerumani, na inafaa kulisema hilo. Lakini mfungwa wa Kingolwira alikuwa na hukumu na tarehe ya kutoka, wakati yule aliyehamishwa kwa sahihi ya gavana hakuwa na lolote kati ya hayo. Aliyevunja sheria aliijua siku yake ya kurudi kwao, aliyeshukiwa tu hakuijua.

Morogoro ina historia nyingine ya waliotupwa, nayo haina budi kutajwa. Kisabengo, aliyeujenga mji wa Simbamwene katika karne ya 19, alikusanya watumwa waliotoroka na watu wengine waliokimbia mabwana zao. Stanley alipopita mwaka 1871 alikuta mji wenye ukuta wa mawe, minara kwenye pembe zake na maelfu ya watu, ukitawaliwa na binti wa Kisabengo. Mafuriko ya mwaka uliofuata yaliubomoa kwa sehemu. Mji wa Sydney huko Australia ulijengwa na waliosukumwa kwa nguvu, Simbamwene na waliokataa kusukumwa tena.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili walikuja Wapolandi. Tangu Februari 1940 serikali ya Stalin iliwatoa watu kutoka mashariki ya Poland, ikawapakia katika mabehewa ya mizigo na kuwapeleka Siberia, Kazakhstan na misitu ya kaskazini kufanya kazi za kulazimishwa. Wengi walikuwa wake na watoto wa watu walioonekana hatari: wanajeshi, walinzi wa misitu, wakulima wenye ardhi. Walipofunguliwa mwaka 1941 wakapitia Iran, na kuanzia 1942 maelfu yao wakaletwa Afrika Mashariki. Kambi kubwa ilikuwa Tengeru karibu na Arusha, yenye watu wapatao 5,000. Nyingine zilikuwa Ifunda, Kidugala, Kondoa na hapa Morogoro. Waluguru wa wakati ule waliona Wazungu wa aina wasiyoizoea, wasio na amri juu ya mtu, wanaoishi kambini na kula cha mgao. Walikuwa wamepitia adhabu ileile iliyokuwa ikiwapata vijana wa Mgeta, kwa ukali mkubwa zaidi, kutoka kwa dola nyingine.

Uhuru ulipokuja, mtu angetarajia sheria ya 1921 itupwe kwanza. Haikutupwa. Serikali mpya ilikuwa na hofu za kweli: nchi changa, vyama vya wafanyakazi vyenye nguvu, na Januari 1964 maasi ya jeshi. Lakini hofu za kweli haziwezi kuwa kibali cha kumwondoa mtu kwake bila kumsikiliza. Mkello alikwenda Sumbawanga. Mwaka 1962 ilikuwa imekwisha kutungwa sheria ya kuweka watu kizuizini. Mwaka 1969 ikaja sheria ya kuwahamishia wahalifu sugu katika makazi maalumu. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na wakazi wa Dar es Salaam wa umri mkubwa wanaikumbuka misako yake: kitambulisho cha kazi mfukoni au safari ya kijijini. Mmachinga wa 1983 alikamatwa kwa sababu ileile iliyomkamata muuza kahawa wa 1944, na wengi walirudi mjini kwa njia zilezile.

Aliyeligusa jambo hili kwa ujasiri alikuwa jaji. Sura ya haki za binadamu iliingizwa katika Katiba mwaka 1984, lakini wananchi walisubiri hadi Machi 1988 ndipo waweze kuitumia mahakamani. Mwaka huohuo, katika Mahakama Kuu ya Mwanza, Jaji James Mwalusanya alipokea shauri la mtu aliyeshikwa chini ya sheria ile ya 1921, naye akatamka kwamba sheria hiyo inavunja Katiba na ni batili. Ibara ya 17 inampa raia haki ya kwenda kokote na kuishi popote ndani ya Jamhuri, na ibara ya 13 inamhakikishia kusikilizwa. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa mwaka 1991, ikaorodhesha sheria 40 zilizostahili kufutwa au kurekebishwa. Sheria ya kuhamisha watu ilikuwamo, pamoja na ile ya kuondoa watu mijini ya 1944, ya wahalifu sugu ya 1969 na ya Nguvu Kazi.

Kazi iliyobaki si ya majaji. Kumbukumbu za wafungwa wa Australia ziliingizwa mwaka 2007 katika orodha ya UNESCO ya kumbukumbu za dunia. Leo mzao wa mwizi wa kondoo anaweza kufungua daftari na kusoma jina la babu yake, kosa lake, urefu wake, rangi ya macho yake na meli iliyomleta, na familia nyingi zinaona fahari. Kabalega ana kaburi linalotembelewa. Mekatilili anaadhimishwa kila mwaka. Kijana wa Kinole aliyeshushwa stesheni ya Morogoro akiwa na furushi la nguo kwapani, aliyeitwa mhuni kwa kuuza karanga, hana daftari anamosomwa wala siku ya kukumbukwa.

Wapo wazee wachache waliobaki ambao walipanda behewa lile wakiwa vijana, na wapo wengi zaidi waliokumbwa na msako wa 1983. Msikilizaji uliye Mgeta, Matombo, Kinole, Mkuyuni au hapa mjini, mwenye babu au bibi wa umri huo, kaa naye wiki hii. Muulize alikamatwa mtaa gani, aliambiwa kosa lake ni nini, nani alisaini, alirudije. Mrekodi kwa simu, andika jina lake kamili na mwaka, kisha mpe nakala mwalimu wa historia wa shule iliyo karibu nawe.